Orlando tukiwa wanane: tulale ndani ya Disney au tuchukue nyumba Kissimmee?

MamaWanne_Ohio

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wa wenye uzoefu, maana nimesoma mpaka macho yanauma na kila mtu ana lake.

Mama yangu yupo nasi hapa Columbus tangu Machi, amekuja kutoka Tanga. Kabla hajarudi tunataka kumpeleka Orlando pamoja na watoto, Juni shule zikishafungwa. Watoto wameisubiri safari hii miaka mitatu, na mimi nimeiwekea akiba miaka mitatu hiyo hiyo. Tupo wanane: mimi, mume wangu, shemeji yangu, mama (miaka 68, goti moja linamsumbua), na watoto wa miaka 13, 10, 6 na 2. Tunakwenda kwa gari letu la viti vinane.

Tiketi tumeshakubaliana: siku nne Walt Disney World, kila bustani ya michezo (Magic Kingdom, EPCOT, Hollywood Studios na Animal Kingdom) siku yake. Ugomvi upo kwenye malazi, usiku sita. Mume wangu anataka tukodi nyumba nzima Kissimmee, mji wa jirani, yenye bwawa na jiko. Binti yangu mkubwa anataka hoteli ya Disney yenyewe, ndani ya geti, kwa sababu rafiki zake wote wamelala huko. Mimi nipo katikati na mimi ndiye ninayelipa.

Naomba mnisaidie kufikiri. Nikiambiwa tu "ndani ni bora" au "nje ni rahisi" sitatoka hapa nilipo.

TunaendaDesemba

Nafuatilia huu uzi kwa karibu. Na sisi tunaenda mwisho wa mwaka, tupo wanne.

Mpwani_Kissimmee

Salaam dada. Mimi ni mtu wa Mombasa, mwaka wa kumi na moja niko hapa Kissimmee, na kazi yangu ni kuandaa hizo nyumba za wageni. Kwa hiyo nina upande, nakwambia mapema ili unipime.

Tupige hesabu. Nyumba ya vyumba vitano Juni, tuseme dola 240 kwa usiku. Usiku sita ni 1,440. Usafi huwa unatozwa mara moja, weka 190. Kodi upande wetu wa kaunti ya Osceola ni asilimia 13.5, hiyo inakuja kama 220. Ada ya mtandao unaokodia weka 200. Umefika 2,050. Maegesho kwenye bustani ni dola 30 kwa siku, siku nne 120. Jumla 2,170.

Sasa ndani. Hoteli zao za bei ya chini, yaani zile tatu za All-Star, Pop Century na Art of Animation, chumba cha kawaida ni cha watu wanne, na mtoto chini ya miaka mitatu anaongezwa juu yao. Mnahitaji vyumba viwili. Weka 190 kwa chumba kwa usiku, usiku sita ni 2,280, kodi ya Pop Century asilimia 12.5, umefika 2,565. Maegesho bure, hotelini na kwenye bustani.

Tofauti ni kama dola 400, na hapo bado hamjala. Chumba kina friji ndogo lakini hakina jiko. Watu saba kunywa chai na kitu cha kutafuna mkahawani kila asubuhi, hata ukijibana ni dola 80. Mara sita ni 480. Ndio tofauti inafika karibu 900, na sijagusa chakula cha jioni.

Lakini zaidi ya pesa, mfikirie mama. Mtu wa Tanga umweke siku sita mahali hawezi kupika hata uji wake? Kissimmee hapa tumejaa Wapuerto Rico, kwa hiyo mihogo, ndizi mbichi, nazi, maharage, vyote viko madukani. Unga wa ugali njoo nao kutoka Ohio.

Tahadhari mbili sasa. Ya kwanza, usiamini tangazo linalosema "dakika kumi kutoka Disney". Eneo la Disney lina karibu kilomita za mraba 100, zaidi ya mara moja na nusu ya Manhattan. Wenye nyumba wanapima mpaka kwenye kibao cha mpakani, na kutoka kibaoni mpaka geti la Magic Kingdom bado unaendesha. Magic Kingdom iko kaskazini, Animal Kingdom iko kusini magharibi. Chukua anwani, pima mwenyewe kwenye ramani saa mbili asubuhi, siku ya kazi, mpaka kwenye bustani unayoitaka. Barabara ya I-4 ikifunga inafunga kweli kweli. Mimi ningekutafutia upande wa magharibi wa barabara ya 192, maana kutoka huko unaingia kwa nyuma bila kuigusa I-4.

Ya pili nakuomba sana uisikie, kwa sababu una mtoto wa miaka miwili. Nyumba yenye bwawa iwe na uzio wa kuzunguka bwawa lenyewe na kengele kwenye mlango wa kutokea nyuma. Uliza kwa maandishi, omba picha. Ukifika, kabla hujashusha mizigo, jaribu ile kengele kwa mkono wako. Nimeingia nyumba ambazo mgeni wa mwisho aliizima kwa sababu inapiga kelele.

BabaMapacha_Dallas

Mpwani amepiga hesabu safi, heshima kwake. Ila kuna kitu ameacha nje, na ndicho ghali kuliko vyote: saa.

Mama Wanne, tiketi zako ni saba, mdogo hajafika miaka mitatu anaingia bure. (Huyo wa miaka 10 analipa ya mkubwa, bei ya mtoto inaishia 9.) Chukua wastani wa dola 130 kwa kichwa kwa siku, hiyo ni 910. Mkikaa bustanini saa 12, kila saa mmeilipia kama dola 75. Ukilala mbali ukapoteza saa moja na nusu kwa siku barabarani, kwenye maegesho na kwenye kuvuka, umemwaga dola 113. Kwa siku nne ni 450. Ile tofauti ya 900 imekatika katikati.

Na Magic Kingdom ina jambo lake ambalo wageni hawalijui mpaka wafike. Ukienda na gari huegeshi getini. Unaegesha ng'ambo ya ziwa, unakaguliwa, halafu unapanda meli au treni ya reli moja kuvuka. Sisi mwaka wa kwanza tulilala nje. Kuanzia kuzima gari mpaka kupita geti tulitumia dakika 45 na mapacha wa miaka minne. Usiku baada ya fataki, watu wote wale wanarudi kwa njia hiyo hiyo, na mtoto amelala begani. Mwaka wa pili tulilala ndani: basi la hoteli linashusha abiria hatua chache kutoka getini, halipiti kule ng'ambo.

Halafu kuna nusu saa ya alfajiri. Kila aliyelala hoteli za Disney anaruhusiwa kuingia bustani yoyote dakika 30 kabla ya wengine, kila siku, kuanzia siku anayofika hadi siku anayoondoka. Nusu saa inasikika ndogo. Lakini Hollywood Studios ukiwahi ukapanda mchezo wa Slinky Dog Dash kabla ya umati, umeokoa foleni ambayo saa nne asubuhi ni saa nzima juani. Kwa Magic Kingdom jueni kwamba nusu saa hiyo inafunguliwa sehemu mbili tu, Fantasyland na Tomorrowland.

Na kama mtanunua njia ya mkato ya kuruka foleni, ile Lightning Lane, aliyelala ndani anachagua nafasi siku saba kabla ya siku ya kufika, na anachagua kwa safari yake yote. Aliyelala nje anaanza siku tatu kabla. Michezo inayogombaniwa, siku tatu kabla mara nyingi unakuta wenzako wameshachukua saa nzuri.

Kwa hiyo mimi kura yangu ni ndani, Pop Century, kwa sababu ya vile vibanda vya angani vya Skyliner vinavyokwenda EPCOT na Hollywood Studios. Kigari cha mtoto unakisukuma ndani hivyo hivyo bila kukikunja. Kwenye basi unatakiwa ukikunje, na mwenye mtoto aliyelala anaelewa ninachosema.

Mpwani_Kissimmee

Kaka, hoja ya saa nimeikubali, na kwa mapacha wako ilikuwa sawa. Ila saa inapotea kwa yule ambaye angeitumia. Mama mwenye goti na mtoto wa miaka miwili hawakai bustanini saa 12 mwezi wa Juni. Juni hapa jua linawaka na karibu kila alasiri mvua ya radi inapiga, na ikipiga michezo ya nje inasimama. Saa nane hao wawili wanataka kivuli na kulala. Swali ni wanalala wapi, na nani anabaki nao.

Chumba cha hoteli ya bei ya chini ni vitanda viwili na mlango mmoja. Mtoto akilala, watu wazima wanakaa gizani. Kwenye nyumba mtoto yuko chumbani, mama yuko sebuleni na chai yake, wakubwa wako bwawani.

BabaMapacha_Dallas

Hapo kwenye nani anabaki nao umenigusa. Sikuwa nimelifikiria la bibi. Mimi nilikuwa na mke na watoto wawili tu.

MamaWanne_Ohio

Asanteni sana, sijawahi kupata maelezo ya namna hii. Swali: ile nusu saa ya asubuhi, kuna namna ya kuipata bila kulala hoteli ya Disney?

SgtMoshi

Ipo. Kuna hoteli ndani ya eneo au jirani kabisa ambazo si za Disney lakini wageni wake wanapewa nusu saa hiyo: Swan na Dolphin, na baadhi ya hoteli za pale karibu na Disney Springs, eneo lao la maduka na migahawa. Soma ukurasa wa hoteli husika kabla ya kulipa, na uangalie kama kuna ada ya ziada ya kila siku, maana hoteli za Disney hazina ada hiyo na nyingi za nje zinayo.

Na kama kwenye ukoo wenu kuna mwanajeshi wa Marekani, aliyepo kazini au mstaafu, kuna Shades of Green. Ipo ndani ya eneo, karibu na hoteli ya Polynesian, ni ya wanajeshi na familia zao. Bei zake zinafuata cheo: cheo cha chini kinalipa kidogo. Sisi tulilala pale watu watano. Vijana wetu wengi wa Kitanzania na Kikenya wamejiunga na jeshi huku na hawajui kuwa wana haki hiyo. Waambieni.

Msomaji_Anaheim

Niongeze historia kidogo, kwa sababu swali la Mama Wanne ndilo lililoifanya Disney ya Florida iwe kama ilivyo.

Mimi ninaishi California, karibu na Disneyland ya kwanza iliyofunguliwa Julai 1955. Walt Disney alinunua ekari kama 160 tu na pesa zikaisha. Hata hoteli hakuweza kujenga. Disneyland Hotel ilijengwa na mtu mwingine, Jack Wrather, na kampuni ya Disney ikaja kuimiliki mwaka 1988. Kuzunguka ukuta wake wafanyabiashara wengine wakapanga moteli, migahawa na vibao vya taa, wakavuna kutoka kwa wageni wake. Jambo hilo lilimuuma. Florida alipokwenda, miaka ya sitini, alinunua ardhi kimya kimya kwa majina ya kampuni nyingine, zaidi ya ekari 27,000, ili jirani yake asiwepo. Alifariki 1966, bustani ikafunguliwa Oktoba 1971.

Ndiyo maana Florida kulala nje kunamaanisha umbali, na huku kwetu hakumaanishi hivyo. Hapa Anaheim, moteli za Harbor Boulevard ziko ng'ambo ya barabara. Unavuka kwa taa, dakika kumi kwa miguu uko getini. Unaweza kuwa karibu zaidi kuliko aliyelipa mara tatu yako akalala kwenye hoteli ya Disney. Mtu akija California simshauri alale ndani, isipokuwa pesa iwe imemzidi. Ila nikiwa na bibi na mtoto mdogo Florida, ningejiuliza mara mbili.

Furaha_wa_Bukavu

Habari zenu bandugu. Miye niko Brussels na tunakwendaka Disneyland Paris karibu kila mwaka na watoto. Kwa wale wa Ulaya: huku jibu ni treni. RER A kutoka katikati ya Paris ni kama dakika 40, na kituo cha mwisho, Marne-la-Vallée Chessy, kiko mbele ya geti kabisa. Kituo kimoja kabla ni Val d'Europe. Pale kuna nyumba za kupanga zenye jiko dogo, na soko kubwa la chakula chini. Tunalala pale, tunapika fufu yetu na sombe, asubuhi ni kituo kimoja tu. Hoteli za Disney zenyewe zinapata muda wa kuingia mapema, ni kweli, lakini sisi ni watu sita na chumba chao cha kawaida ni cha wanne. Ni hesabu ile ile ya dada wa Ohio.

TunaendaDesemba

Samahani kuingilia. Na Universal je, zile bustani nyingine za Orlando? Vijana wetu wana miaka 15 na 17, Disney hawaitaki.

Kijana_wa_IDrive

Mkuu, Universal hesabu inageuka kabisa, na hapa nitasema bila kusita: ukiwa na vijana wakubwa, lala ndani usiku mmoja, lakini kwenye hoteli sahihi.

Universal wana hoteli za viwango. Tatu za juu za zamani, yaani Portofino Bay, Hard Rock na Royal Pacific, kila aliyeandikwa kwenye chumba anapewa Express bila kikomo, ya kuruka foleni, katika Universal Studios Florida na Islands of Adventure. Inafanya kazi siku unayofika na siku unayoondoka, saa zote. Kwa hiyo usiku mmoja unakupa siku mbili. Fika saa moja asubuhi, jiandikishe hata kama chumba hakijawa tayari, acha mabegi, ingia. Express hiyo ukiinunua getini msimu wa Krismasi, kwa watu wanne kwa siku mbili, utaona chumba kile cha gharama kimejilipa chenyewe. Usiku mwingine wote lala kwingine, International Drive kumejaa hoteli za bei nafuu, au Surfside na Dockside ambazo ni za Universal pia lakini hazina Express.

Angalizo: Epic Universe, ile bustani mpya iliyofunguliwa Mei 2025, Express hiyo ya hoteli haiingii. Msije mkapanga siku zenu mbili mkaiweka humo.

Na jambo la hoteli za nje zinazoandika "basi la bure kwenda bustanini". Nilifika Orlando mara ya kwanza na wazazi wangu tukaamini maneno hayo. Hoteli siitaji. Basi lilikuwa linatoka mara mbili asubuhi na kurudi mara mbili usiku, linapita hoteli nyingine nne njiani, na nafasi unaandikisha jana yake. Baba yangu alikaa kwenye benchi saa moja na nusu akisubiri, mguu umevimba. Ukisikia "basi la bure" uliza saa zake, vituo vyake, na kama viti vinaandikishwa. Kama huna gari, weka pesa ya Uber kwenye bajeti yako toka mwanzo.

TunaendaDesemba

Umenisaidia kuliko unavyojua. Nilikuwa nimeshajaza kadi kwa usiku tano Hard Rock, nimefuta.

MamaWanne_Ohio

Tumekaa kikao cha familia jana baada ya chakula na nimewasomea uzi wote, mama akiwemo. Mama kasema yeye akipata mahali pa kuswali kwa utulivu na jiko, mengine tuamue sisi. Binti yangu akauliza kwa nini lazima wote wanane walale paa moja usiku zote sita. Swali la mtoto wa miaka 13, na sisi wazazi hatukuliwaza.

Kwa hiyo tumeamua hivi. Nyumba usiku sita, magharibi ya 192, yenye uzio wa bwawa (nimetumiwa picha). Halafu katikati, usiku mmoja, mume wangu, shemeji na watoto wawili wakubwa wanachukua chumba kimoja Pop Century. Hiyo inawapa siku mbili za kuingia mapema, Hollywood Studios na EPCOT, na Skyliner. Mimi, mama na wadogo tutawafuata bustanini saa nne tukiwa tumekunywa chai.

BabaMapacha, Mpwani, naomba mniambie kama kuna shimo.

BabaMapacha_Dallas

Shimo silioni. Wale wanne waliolala hotelini wachague njia zao za mkato siku saba kabla. Na gari litakalobaki na nyie nyumbani litalipa maegesho siku hizo, hesabu 60.

Mpwani_Kissimmee

Dada umepanga vizuri mno. Ongeza moja kwa ajili ya mama: siku ya Animal Kingdom, weka nafasi ya chakula cha mchana kwenye hoteli ya Animal Kingdom Lodge, upande wa Kidani Village, mkahawa unaitwa Sanaa. Si lazima uwe umelala pale. Madirisha yake yanatazama mbuga, twiga na pundamilia wanapita mkiwa mezani. Chumba cha kulala chenye dirisha la namna hiyo bei yake sikushauri, ila kwa bei ya chakula mnaona wanyama wale wale. Nafasi zinafunguliwa siku 60 kabla, kwa hiyo fanya leo.

MamaWanne_Ohio

MREJESHO. Tumerudi Jumapili, nguo bado ziko kwenye mashine, lakini niliahidi.

Nyumba: Mpwani, kengele ya mlango wa nyuma ilikuwa imezimwa. Nilijaribu kabla ya mizigo kama ulivyosema, nikampigia mwenye nyumba, mtu akaja ndani ya saa moja akairudisha. Siku ya tatu mtoto wangu mdogo aliufungua mlango ule na kengele ikapiga, mama akamdaka kabla hajatoka. Nimeandika sentensi hii na mikono inatetemeka. Asante, na Mungu akulipe.

Pesa: nyumba na kila kitu 2,110. Chumba cha Pop Century usiku mmoja 214 na kodi yake. Maegesho siku nne 120. Chakula cha nyumbani siku zote sita hakikufika 400, na humo mna samaki wa nazi mara mbili na wali wa kubeba bustanini. Ndiyo, chakula chako unaruhusiwa kuingia nacho mradi hakuna chupa za kioo wala pombe. Maji baridi ya barafu unaomba kwenye migahawa ya chakula cha haraka, wanakupa bure.

Magic Kingdom tulikwenda wote kutoka nyumbani na gari. BabaMapacha ulisema kweli. Kutoka maegesho hadi getini ilikuwa dakika 40, na usiku kurudi ni zaidi. Kama ningelipanga tena, ningeuweka ule usiku mmoja wa hoteli uangukie Magic Kingdom, na ningelala nao mimi na mtoto wa miaka sita, kwa sababu yeye ndiye aliyetaka fataki na ndiye aliyelia njiani. Wakubwa wangeweza kuvumilia meli.

Hollywood Studios, wale wanne waliingia mapema na walipotupigia saa nne kasoro walikuwa wameshapanda michezo mitatu. Binti yangu hajaacha kuisimulia. Kwake kulala pale usiku mmoja kumetosha.

Mama alikuwa na nguvu ya saa nne au tano kwa siku, si zaidi. Tulikodi kiti cha magurudumu siku mbili za mwisho, na ningekikodi toka siku ya kwanza, kwa sababu alikuwa anajikaza ili asituharibie. Saa nane mimi na yeye na mdogo tulikuwa tunarudi nyumbani, mvua inatukuta njiani, tunafika analala. Hapo ndipo nilipoona ile nyumba imefanya kazi yake.

Animal Kingdom kuna mji waliouita Harambe, wameutengeneza kama mji wa pwani yetu, wamechukua sura ya Lamu. Kuta za chokaa zilizobanduka, milango ya mbao, maandishi ya Kiswahili kila mahali. Mama alisimama katikati ya barabara akasoma vibao kimoja baada ya kingine kwa sauti. Halafu akaniuliza kwa nini Harambee imekosa e moja. Mfanyakazi mmoja, dada wa Kimarekani, alimsikia akaja kumuuliza maneno mawili matatu yanatamkwaje, wakakaa pamoja dakika nyingi kwenye kivuli. Watoto wangu, ambao nyumbani nawabembeleza wajibu kwa Kiswahili, walikuwa wanawatafsiria.

Sanaa tulipata meza karibu na dirisha. Wanaleta mikate ya naan na vikombe tisa vya vitoweleo, vingine vina ladha ya achari ya embe kabisa. Twiga alipita karibu. Mama alisema wa Mikumi ni wakubwa zaidi, akaomba apigwe naye picha hata hivyo.

Furaha_wa_Bukavu

Dada, nimesoma ile ya kengele nikaenda kuangalia milango yangu mwenyewe.

SgtMoshi

Mrejesho wa maana. Mods naomba huu uzi ubaki juu msimu wa likizo.

TunaendaDesemba

Mama Wanne, ile Pop Century ulilipia muda gani kabla ya safari? Na ulilazimika kuchukua pamoja na tiketi?

MamaWanne_Ohio

Wiki saba kabla, chumba peke yake. Tiketi nilikuwa nazo tayari, nikaziunganisha na jina la kila mmoja kwenye programu yao ya simu pamoja na namba ya chumba. Hakikisha majina yote manne yameandikwa kwenye chumba. La shemeji lilikuwa halijaingia, tuligundua usiku wa kuamkia siku yenyewe, tukarekebisha kwa simu.